Ushuru Una Mwenyewe, Usalama Je?

Katika mji wa Morogoro, kila shilingi inayolipwa kwa ajili ya barabara ina mpokeaji anayejulikana. Basi huingia stendi ya Msamvu kwa ushuru. Kila lita ya mafuta hukatwa tozo ya Mfuko wa Barabara, na mwaka 2021 Bunge liliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA. Mwendesha bodaboda wa Kihonda huilipa tozo hiyo kila siku. Lakini mtu akigongwa akivuka barabara, ni nani anayejulikana kuwajibika?

Jibu limegawanywa vipande vipande. Barabara za Dar es Salaam, Dodoma na Iringa, zinazokutana Msamvu, ni za TANROADS. Mitaa ya ndani ni ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Leseni na nauli za daladala zipo chini ya LATRA. Kudhibiti mwendo ni kazi ya Polisi. Manispaa ina masoko na sheria ndogo. Mama wa Mgeta aletaye mboga katika Soko la Chifu Kingalu hupita mikononi mwa taasisi hizi zote kwa asubuhi moja, na hakuna hata moja inayoulizwa kama alifika salama.

Mkoa huu haujakosa funzo. Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki kwa ajali ya gari Dakawa, Aprili 12, 1984, na chuo kikuu cha kilimo cha mji huu kinabeba jina lake. Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu na kulipuka. Watu zaidi ya 100 walipoteza maisha. Tulisema mengi kuhusu waliokwenda kuchota mafuta. Tulisema machache kuhusu shehena hatari kupitishwa jirani na stendi, bodaboda na wachuuzi. Ni rahisi kumlaumu maskini mwenye ndoo kuliko kumhoji aliyepanga njia.

Watumishi wa umma watajibu kwamba Manispaa haina mamlaka juu ya barabara kuu. Kisheria ni kweli. Hata hivyo, Manispaa ina bajeti, na sheria tayari inaitaka itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kutenga fedha kwa lengo maalumu, basi, si jambo geni. Baraza la Madiwani linaweza kutenga fungu la kudumu kutoka katika ushuru wa stendi na maegesho unaoingia mikononi mwake kwa ajili ya vivuko, taa na njia za waenda kwa miguu, kisha likabandika hesabu yake katika kila ofisi ya kata kila robo mwaka. Linaweza pia kuwaita TANROADS, TARURA, LATRA na Polisi katika kikao kimoja, mbele ya wananchi, waeleze idadi ya waliokufa na hatua walizochukua.

Vikao vya Baraza viko wazi kwa umma. Wanafunzi wa SUA na Mzumbe, pamoja na wanaharakati wa mji huu, waende wakavisikilize. Kisha wawaulize madiwani wao makusanyo ya mwaka ni kiasi gani, na mvukaji wa Msamvu amepata nini humo.