Oili Hii Yatoka Wapi?

Ndugu msomaji, wiki hii ukurasa wetu unatoka Busi, wilayani Kondoa, mkoani Dodoma. Huko nilikaribishwa na familia moja yenye pikapu kuukuu ya Toyota Land Cruiser, yenye injini ya petroli aina ya 2F, silinda 6. Gari hilo kwao ni shamba la pili. Wakati wa mavuno hubeba mahindi, alizeti na mbaazi kwenda mjini Kondoa. Na mgonjwa akizidiwa usiku, mlango unaogongwa ni wa nyumba hiyo.

Kwa miezi kadhaa gari hilo lilikuwa likivuja oili. Kila lilipolala, asubuhi palionekana doa jeusi mchangani. Upande mzima wa injini ulikuwa umegandamana tope la oili na vumbi, hata haikujulikana kipi ni chuma na kipi ni uchafu. Fundi mmoja wa mjini alilitazama akasema injini imechoka, ni lazima ifunguliwe yote. Gharama aliyoitaja ilikaribia bei ya maksai wao wawili wa kulimia. Wilaya ya Kondoa inakumbuka mwaka 1979, mifugo ilipoondolewa katika sehemu zilizomomonyoka ili kuuokoa udongo. Kwa hiyo kuuza ng'ombe wa jembe si jambo la kuamuliwa kwa haraka.

Baba wa nyumba alikuwa amekwisha kukubali. Mama ndiye aliyeuliza: “Baba Fulani, mnasema injini imechoka. Je, kuna mtu aliyeona mahali hasa oili inapotokea?”

Hakuna aliyeona. Na hapo, ndugu msomaji, ndipo somo letu la leo linapoanzia. Oili hutokea juu ikaonekana chini. Hutokea mbele, upepo wa feni ukaisukuma nyuma. Mahali inapodondokea aghalabu sipo inapotokea. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kwanza yakupasa uujue ukuta wenye ufa.

Tuanze na chombo chenyewe. Distributa ndiyo inayogawa cheche za moto kwa plagi, kila moja kwa zamu yake. Injini ya silinda 6 inapozunguka mara 2,000 kwa dakika, distributa huzunguka mara 1,000, na katika dakika hiyo moja hugawa cheche 6,000. Magari ya dizeli hayana chombo hiki, na magari mengi mapya ya petroli hayana pia. Ndiyo sababu vijana wengi wanaojifunza ufundi siku hizi hawajawahi kukishika. Lakini katika Land Cruiser, Land Rover na Bedford za zamani zenye kutumia petroli, bado kipo.

Mhimili wa distributa huzungushwa na meno ya kamshafti, ndani ya injini, penye oili. Mwili wake basi umechomekwa katika tundu, na kinachozuia oili kupanda na kutoka nje ni pete nyembamba ya mpira, ambayo mafundi huiita oringi. Katika baadhi ya injini ni gasketi au kizibo cha aina nyingine. Mpira huo hupikwa na joto la injini mwaka baada ya mwaka, hata ukawa mgumu, ukapoteza unene wake, na oili ikapata njia.

Lakini usiilaumu oringi kabla ya kuchunguza. Injini ikiwa imepoa, fungua waya hasi wa betri. Osha sehemu yote kwa tambara na mafuta ya taa kidogo, wala usitumie petroli, kwa kuwa mvuke wake hushika moto upesi. Kausha vizuri, kisha nyunyiza unga wa chaki kuzunguka distributa na juu yake. Mafuta ya taa yakiisha kukauka kabisa, rudisha waya wa betri, washa injini kwa robo saa, uangalie kwa tochi bila kusogeza mikono wala nguo karibu na feni. Chaki italowa kwanza pale oili inapoanzia.

Ikilowa juu zaidi, chini ya kifuniko cha valvu, basi gasketi ya kifuniko hicho ndiyo mkosaji, na distributa imesingiziwa. Ikilowa pale mwili wa distributa unapoingia kwenye injini, oringi imekufa. Zima injini, fungua kifuniko cha distributa utazame ndani: ukikuta oili imelowesha pointi na rota, imepanda kwa kufuata mhimili. Hapo ushike mhimili uutikise kwa upande. Ukicheza, bushi zimelika, na pete mpya haitasaidia kitu. Itabidi fundi wa kukereza atengeneze bushi mpya, au itafutwe distributa nyingine iliyo nzima.

Liko na jambo la nne, linalosahauliwa mno. Injini nayo hupumua. Bomba lake la kupumulia likiziba, hewa hubanana ndani na kuisukuma oili nje kupitia kila mwanya. Kule Busi, chaki ililowa penye shingo ya distributa. Mhimili haukucheza, na ndani ya kifuniko palikuwa pakavu. Lakini bomba la kupumulia lilikuwa limezibwa na tope jeusi. Wangebadilisha oringi peke yake, mpya nayo ingevuja.

Kazi yenyewe yahitaji utulivu kuliko nguvu. Tenganisha tena waya hasi wa betri. Zungusha injini mpaka silinda ya kwanza ifike juu katika mkandamizo, rota ikielekea waya wa plagi ya kwanza. Piga alama kwenye mwili wa distributa na kwenye injini, na alama nyingine pale rota inapoelekea. Ondoa kifuniko pamoja na waya zake bila kuzichomoa. Ondoa waya mwembamba na kibomba cha vakyumu. Fungua boliti ya kibano, uivute distributa juu polepole. Utaona rota ikigeuka kidogo kwa sababu ya mshazari wa meno: weka alama hapo pia, kwa kuwa ndipo utakapoanzia kuirudisha. Tangu hapo mtu yeyote asizungushe injini.

Toa pete ya zamani kwa kijiti, si kwa bisibisi ya kukwaruza. Mpya iwe ya kipimo kile kile na ya mpira unaostahimili oili, nayo ipakwe oili safi. Miaka ya mwanzo ya 1980, vipuri vilipoadimika kwa uhaba wa fedha za kigeni, madereva walijifunza kukata pete kutoka tyubu ya gurudumu. Tusiwacheke, maana walifikisha mizigo. Lakini mpira wa tyubu ukikaa katika oili huvimba na kulegea, kisha uvujaji hurudi. Leo hakuna haja ya kuupokea ushauri huo.

Unaporudisha, ncha ya mhimili huenda ikapaswa kuingia katika pampu ya oili. Isipokaa sawasawa usiilazimishe kwa boliti. Itoe, uipange, uijaribu tena. Mwisho taimingi ihakikishwe na fundi.

Pete waliyoitoa Busi ilikuwa ngumu kama ganda la kibuyu, ikavunjika mkononi. Bomba la kupumulia likasafishwa. Asubuhi yake mchanga chini ya gari ulikuwa mkavu, na maksai walikuwa bado zizini.

Sisemi, ndugu msomaji, kwamba kila fundi anayetaka kufungua injini anakosea. Ringi za pistoni zikilika kweli, moshi wa buluu ukatoka kwenye ekzosi na oili ikapungua kila siku, itabidi injini ifunguliwe. Ila mwombe fundi akuonyeshe kwa kidole mahali ugonjwa ulipo kabla ya kuuza mali ya nyumba. Fundi hodari haoni haya kuulizwa. Na kila asubuhi kabla ya safari, vuta kile kijiti cha kupimia oili ukitazame.

Mpaka Jumapili ijayo, kwaherini.