Wengu: kaburi na kiwanda kwa wakati mmoja

Mnamo 1916, Paul Kaznelson, aliyekuwa bado mwanafunzi wa udaktari mjini Prague, alipendekeza mgonjwa aliyepungukiwa na chembe za kugandisha damu aondolewe wengu. Upasuaji ulifanywa na chembe zikaongezeka. Kaznelson aliona wengu kuwa kaburi la chembe hizo. Hilo ni kweli, ila ni nusu tu ya ukweli.

Seli za kinga zilizomo humo hutengeneza pia kingamwili zinazonata kwenye chembe hizo, kisha seli jirani, makrofeji, huzimeza kana kwamba ni maadui. Dawa ya rituksimabu huangamiza seli B, lakini mwaka wa 2013 watafiti wa Ufaransa walieleza kwamba, kwa wagonjwa ambao haikuwafaa, wengu ulikuwa na seli za plazma za kudumu zilizoendelea kutoa kingamwili.

Je, wengu ukatwe? Takriban thuluthi mbili ya wagonjwa hunufaika. Hata hivyo, asiye na wengu hubaki hatarini kuvamiwa na bakteria wa nimonia maisha yake yote, na ukanda wa Ziwa Victoria una malaria, ambayo wengu husaidia kuichuja. Mwongozo wa Marekani wa 2019 unashauri kusubiri angalau mwaka mmoja.