Kituo cha Zimamoto na Vijana Wetu

Wahenga walisema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Mwezi huu twapenda kuichukua mithali hiyo na kuwazungumzia wasomaji wetu wa Shinyanga, Kahama na Geita juu ya jambo ambalo wengi wetu hatulikumbuki mpaka siku ya msiba, nalo ni kituo cha zimamoto. Aghalabu tukipita mbele yake twaona gari jekundu limeegeshwa, twaona askari wakilisafisha, kisha twaendelea na safari yetu. Twadhani kazi ya watu wale ni kungoja tu. Dhana hiyo si sahihi, na mara nyingine imegharimu roho za watu.

Hebu tulitazame jina lenyewe. Sheria Namba 14 ya mwaka 2007 ililiita Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, wala haikuishia kwenye neno la kwanza. Jeshi hilo, lililo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, lina wajibu wa kuzima moto, kuwaokoa waliofikwa na ajali, kukagua majengo, na kuwafundisha watu namna ya kujikinga. Katika nchi yetu hii ya dhahabu na almasi, uokoaji ni neno zito. Ardhi yetu ina maduara ya wachimbaji, visima vya kuchimbwa kwa mkono, na mashimo ya zamani yaliyoachwa wazi na kufunikwa na nyasi. Anayeanguka humo hahitaji maji ya kuzimia moto. Ahitaji kamba, hewa safi, na mtu ajuaye anachokifanya.

Hatujasahau mgodi wa Nyangalata, wilayani Kahama. Mwezi wa Oktoba 2015 ardhi iliporomoka na kuwafunika wachimbaji chini kabisa. Walikula mizizi, mende na vyura, wakanywa matone ya maji, na tarehe 15 Novemba watu watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Wala hatujasahau Nyarugusu, mkoani Geita, ambako mwezi wa Januari 2017 wachimbaji 15 walifukiwa mgodini, na baada ya siku tatu wakatolewa wote wakiwa wazima. Twamshukuru Mwenyezi Mungu kwa rehema yake. Lakini pamoja na shukrani hiyo yatupasa kujiuliza: Je, kwa kila shimo linaloporomoka katika vijiji vyetu, huwa twapata muda wa siku tatu, sembuse siku 41? La. Mara nyingi muda wenyewe ni dakika chache, na katika dakika hizo aliye karibu si askari wa zimamoto, bali ni jirani, tena aghalabu ni kijana.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Vijana wa pande hizi hawakupungukiwa na ujasiri. Hii ndiyo nchi ambayo Sungusungu walijitokeza mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hapa mtu asiyeitikia yowe la jirani yake huhesabiwa kuwa ni mtu mbaya. Kinachopungua ni elimu, na ujasiri usio na elimu waweza kuongeza maiti badala ya kuokoa mtu.

Tutoe mfano. Pampu inayotumia mafuta ikiwashwa ndani ya duara ili kutoa maji, moshi wake huwa na hewa ya sumu ambayo yenyewe haina rangi wala harufu. Mtu akishuka huzimia bila kujua kilichompata. Nduguye aliye juu amwona amelala, naye kwa huruma ashuka mbio. Huanguka juu yake. Wa tatu naye hufuata. Watu hawa hawakuwa wapumbavu. Walikuwa watu wa mapenzi na udugu. Lau mmoja wao angalifundishwa kwamba kwanza pampu izimwe, watu waondolewe ukingoni, asishuke mtu yeyote bila vifaa, ipigwe namba 114, na ijulikane idadi ya walio chini, pengine msiba ungalikuwa wa nyumba moja na si wa nyumba tatu.

Mfano wa pili ni wa Msamvu, mjini Morogoro. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafariki. Mtu wa Shinyanga asiseme kwamba hayo ni ya Morogoro. Malori kama yale hupita kila siku katika njia yetu ya Tinde, Kahama, Masumbwe na Ushirombo kuelekea Rwanda na Burundi. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Sasa twaja kwenye habari njema. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka katika ziwa karibu na kiwanja cha Bukoba, ikiwa na watu 43. Waliofariki walikuwa 19, na 24 wakanusurika. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na miongoni mwao alikuwamo kijana Majaliwa Jackson, ambaye habari zake zilienea nchi nzima. Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza kijana yule aajiriwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Wengi waliona kwamba hiyo ni zawadi, na kweli ni zawadi. Lakini sisi twaona ndani yake mafundisho pia. Moyo wa kusaidia alikuwa nao kabla ya kuvaa sare. Kilichobaki ni kuutia moyo huo elimu na nidhamu, ili ukitumika mara ya pili utumike kwa salama zaidi.

Basi, je, lazima tungoje ndege ianguke ndipo tuwafundishe vijana wetu? Haifai. Jeshi hili hupeleka askari wake mashuleni na kuanzisha humo klabu za zimamoto, ambamo wanafunzi hufundishwa kutumia kizima moto, kutoka katika jengo lenye moshi, na kumhudumia aliyeumia kabla hajafika hospitali. Mafunzo hayo ni ya wavulana na wasichana sawasawa, kwani jikoni na bwenini moto haubagui. Tukumbuke kwamba mwezi wa Juni 1994 wasichana zaidi ya 40 waliteketea bwenini katika shule ya Shauritanga, Rombo. Na tarehe 14 Septemba 2020 watoto kumi walifariki kwa moto wa bweni katika shule ya msingi ya Kiislamu ya Byamungu, wilayani Kyerwa. Watoto wale walipelekwa na wazazi wao kutafuta elimu na dini. Kila mzazi anayempeleka mwanawe bweni, na kila kamati inayosimamia shule, yampasa kuuliza maswali matatu: Milango mingapi ya kutokea ipo? Je, hufungwa kwa kufuli usiku? Je, watoto wamewahi kufanya zoezi la kutoka gizani?

Wako wanaosema, «Zimamoto huchelewa, na wakija huwa hawana maji.» Hatusemi kwamba kila lawama ni ya uongo, vituo ni vichache na nchi ni pana, na serikali ina wajibu wa kuongeza magari na askari. Lakini tuwe waadilifu. Maji yaliyo ndani ya gari huweza kuisha kwa dakika chache, na likienda kujaza tena watu hudhani lilikuja tupu. Nyumba zimejengwa zikabanana hata gari halina njia. Wako nao wanaopiga namba 114 kwa mzaha kwa kuwa haina malipo, wakamshughulisha askari wakati mwenye shida ya kweli aita. Mwenye kumrushia mawe askari aliyekuja kumsaidia jirani, huyo amejidhulumu mwenyewe na kumdhulumu jirani.

Ama nyumbani, kazi yaanza kwa baba na mama. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliwahimiza watu kuuzima moto na taa usiku kabla ya kulala. Amri hiyo ni nyepesi, na faida yake ni kubwa katika nyumba yenye chandarua, mshumaa na watoto. Mafuta yakiwaka kikaangoni, usiyamwagie maji. Funika kwa kifuniko na uzime jiko. Ukisikia harufu ya gesi, funga mtungi, fungua milango na madirisha, wala usiwashe wala kuzima taa ya umeme. Jiko la mkaa lisilazwe chumbani na watu, hata usiku uwe na baridi namna gani. Kisima kiwekewe mfuniko imara, na shimo la zamani lizungushiwe miiba au lifukiwe. Na namba 114 iandikwe ukutani, mahali ambapo mtoto anayejua kusoma ataiona.

Twawaomba maimamu, walimu wa madrasa na viongozi wa vikundi vya wachimbaji wafanye jambo moja kabla ya mwezi huu kwisha: waende katika kituo cha zimamoto kilicho karibu nao, wamwombe mkuu wake awape askari mmoja aje kuzungumza na vijana kwa saa moja. Siku ya pili wawachague vijana kumi katika kila mtaa au kila mgodi, wafundishwe zaidi, na wajulikane kwa majina, ili yowe likipigwa watu wajue ni nani atangulie na ni nani azuie umati.

Enyi vijana, msiuone mgeni huyo kuwa amekuja kuwapotezea wakati. Mmezoea kukimbilia penye yowe, na hiyo ni sifa njema mliyoirithi kwa wazee wenu. Jifunzeni sasa la kufanya mkishafika, mpate kurudi nyumbani ninyi pamoja na yule mliyekwenda kumwokoa. Mwenyezi Mungu atulinde sisi na nyumba zetu, na awape nguvu wote wanaotoka usiku kwa ajili ya roho za wenzao. Amin.