Msimamizi wa uchaguzi (Handeni na Korogwe)

Msimamizi wa uchaguzi wa jimbo nchini Tanzania ni ofisa anayepokea fomu za wagombea, kuamua pingamizi, kusimamia upigaji kura na kutangaza mshindi wa ubunge. Hachaguliwi na wananchi. Katika majimbo mengi ya Marekani ofisa mkuu wa uchaguzi, aitwaye Katibu wa Jimbo, hupigiwa kura kama gavana, naye husimama kwa tiketi ya chama. Njia hiyo ina matatizo yake: mwaka 2018 Brian Kemp wa Georgia aligombea ugavana, akashinda, huku yeye mwenyewe akiwa Katibu wa Jimbo hilo.

Wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, kila moja ina halmashauri ya mji na halmashauri ya wilaya, na majimbo yamegawanywa vivyo hivyo: Handeni Mjini, Handeni Vijijini, Korogwe Mjini na Korogwe Vijijini. Chini ya Sheria ya Taifa ya Uchaguzi ya zamani, mkurugenzi wa halmashauri alikuwa msimamizi wa uchaguzi kwa wadhifa wake. Mkurugenzi huteuliwa na Rais, na Rais kwa desturi ndiye mwenyekiti wa CCM. Hapo ndipo malalamiko ya upinzani yalipoanzia.

Uzito wa ofisi hiyo ulionekana Korogwe Vijijini. Mbunge Stephen Ngonyani, maarufu kama Profesa Majimarefu, alifariki Julai 2018, na uchaguzi mdogo ukapangwa kufanyika Septemba 16. Siku hiyo wapiga kura wa jimbo hilo hawakuchagua mbunge, kwa sababu Timotheo Mnzava wa CCM alikuwa ametangazwa kupita bila kupingwa tangu hatua ya uteuzi. Kwa hiyo meza ya kupokelea fomu inaweza kuamua mengi kuliko sanduku la kura, jambo ambalo wachambuzi wa matokeo husahau mara nyingi.

Mwaka 2019 kesi ya Bob Chacha Wangwe ilileta hoja hii mahakamani. Mwezi Mei Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vilivyowapa wakurugenzi kazi hiyo, kwa kuwa Katiba, ibara ya 74, inawakataza wahusika wa uchaguzi kujiunga na vyama vya siasa. Serikali ilikata rufaa, na Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua hukumu hiyo. Msimamizi hula kiapo cha kujitoa chamani, lakini kiapo hakibadilishi mamlaka iliyomteua wala inayoweza kumwondoa kazini.

Sheria mpya ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani ya mwaka 2024 iliondoa wadhifa huo wa moja kwa moja. Sasa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi huteua wasimamizi kutoka miongoni mwa watumishi wa umma waandamizi. Mkurugenzi naye ni mtumishi wa umma, hivyo mlango haukufungwa. Badiliko lenye uzito zaidi kwa watu wa Korogwe Vijijini huenda ni jingine: chini ya sheria hiyo, mgombea ubunge aliyebaki peke yake hupigiwa kura ya ndiyo au hapana.