Maoni: Karata mpya zitoke siku moja, Japani na inchi zingine

Tarehe 16 mwezi wa sita mwaka 2023, vijana wa Japani walianza kufungua pakiti mpya za karata za Pokémon zenye jina « 151 ». Wenzao wa Marekani na Ulaya walizipata kwa Kiingereza tarehe 22 mwezi wa tisa. Mchezo ni mmoja, lakini wamoja walicheza na wengine walingoja zaidi ya miezi mitatu.

Desturi hii ni ya zamani. Karata za Pokémon zilianza Japani mwezi wa kumi mwaka 1996. Za Kiingereza zilifika mwanzoni mwa 1999. Karata za One Piece, za kampuni Bandai, zilitoka Japani mwezi wa saba mwaka 2022, na kwa Kiingereza mwezi wa kumi na mbili.

Nani anapata faida katika muda huo wa kungoja? Si mtoto anayecheza. Pakiti ikitoka Japani, picha za karata zote zinaenea kwenye intaneti, na mashindano ya kule yanaonyesha ni karata gani yenye nguvu. Wanaonunua kwa kuuza tena wanajua tayari cha kukamata, na bei inapanda hata kabla karata haijafika dukani. Mtoto akikosa subira na kununua ya Kijapani, katika mashindano rasmi ya Pokémon kule Marekani hairuhusiwi. Basi analipa mara mbili.

Ni kweli kwamba kutafsiri, kuchapisha na kusafirisha kunaomba muda. Lakini Magic, mchezo wa kampuni ya Marekani Wizards of the Coast, umezoea kutoa karata za Kiingereza na za Kijapani kwa wakati mmoja. Bandai yenyewe, mwezi wa pili mwaka 2024, ilizindua Fusion World ya Dragon Ball siku moja Japani na inchi zingine. Kwa hiyo lugha si kizuizi.

Kuna wanaosema kungoja kunasaidia: mwenye pesa kidogo anaona kwanza kilicho kizuri kule Japani, halafu ndipo ananunua. Hoja hiyo ina uzito. Ila mwenye pesa nyingi naye anaona, tena anafika dukani wa kwanza. Yule wa pesa kidogo anakuta bei imekwisha kupanda.

Haki ina gharama yake: Wajapani nao watalazimika kungoja kidogo, mpaka karata za lugha zingine ziwe tayari. Wangoje. Mwaka 2025, karata za Pokémon za Mega zilitoka Japani tarehe 1 mwezi wa nane, na za Kiingereza tarehe 26 mwezi wa tisa. Muda umepungua, haujafika hata miezi miwili. Makampuni yamalize kipande kilichobaki, ili watoto wote wafungue pakiti siku moja, pasipo mmoja kujua kilichomo mbele ya mwenzake.