Kituo kwanza, karavani baadaye

Anayetaka kuanza likizo za karavani kwa kawaida huanza kwa kuuliza bei. Trela inauzwaje, gari gani lina nguvu ya kuivuta, betri ya sola itawasha friji kwa saa ngapi? Maswali hayo yana mahali pake, lakini yakitangulia humfanya mtu anunue nyumba ya magurudumu kabla hajajua ataiegesha wapi. Hoja yangu ni kwamba likizo ya namna hii hufaulu au huharibika kwa sababu ya kituo, yaani mahali pa kulala penye maji, choo, kivuli na mwenyeji anayejulikana. Kituo kikiwapo, hema la kawaida na gari la familia vinatosha. Kisipokuwapo, karavani ya bei mbaya hugeuka mzigo wa kukokotwa. Ufuo wa mashariki wa Ziwa Mweru, kutoka Nchelenge hadi Chienge, kaskazini kabisa mwa Mkoa wa Luapula nchini Zambia, unalionyesha jambo hili waziwazi.

Ukanda huo una karibu kila kitu anachotafuta msafiri wa nchi kavu. Ziwa lenyewe lina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 5,000. Mto Luapula unaingia upande wa kusini, na Mto Luvua unatokea kaskazini huko Pweto, upande wa Kongo. Kashikishi, jirani na Nchelenge, ni mji wa wavuvi na wachuuzi wa samaki. Kusini yake ipo Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe wa Walunda, ambako sherehe ya Umutomboko hufanyika kila mwaka mwishoni mwa Julai. Karibu na Kawambwa kuna maporomoko ya Ntumbachushi, na kwenye Mto Kalungwishi maporomoko ya Lumangwe yanashuka zaidi ya mita 30 kwa upana unaowakumbusha watu Mosi-oa-Tunya (Victoria Falls). Chienge ni nchi ya Wabwile wa Chifu Puta. Kiswahili nacho kinasikika huko, kwa sababu ya biashara ya kuvuka ziwa na kwa sababu ya wakimbizi wa Kongo ambao tangu 2018 wamepewa makazi Mantapala, wilayani Nchelenge. Msomaji wa Sumbawanga au Lubumbashi akifika huko hatakosa mtu wa kuzungumza naye.

Kinachopungua ni mpangilio wa vituo. Nyumba za wageni zipo mijini, lakini nyingi zimekusudiwa mfanyabiashara au mtumishi wa serikali anayelala usiku mmoja na kuondoka. Familia ya watu sita italipia vyumba vitatu, itanunua chakula kila mlo, na bado watoto hawatakuwa na uwanja wa kucheza. Lumangwe kuna eneo la kupiga kambi chini ya Tume ya Taifa ya Hifadhi ya Urithi, na huo ni mwanzo mzuri. Lakini kituo kimoja hakitengenezi safari. Msafiri anahitaji kujua atalala wapi leo, kesho na keshokutwa, na umbali kati ya kituo na kituo usimlazimishe kuendesha gizani. Kutoka Lusaka hadi Nchelenge ni karibu kilomita 1,000. Huo si mwendo wa siku moja kwa mtu anayevuta trela.

Kupanga safari kwa kufuata vituo si jambo geni katika njia hizo. Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilifika hadi kwa Mwata Kazembe kutafuta pembe za ndovu, shaba na, kwa aibu ya historia yetu, watumwa. Mwaka 1867 mfanyabiashara Tippu Tip alipigana na chifu Nsama wa Watabwa katika nchi iliyo kati ya Mweru na Tanganyika, na mwaka huohuo, mwezi Novemba, David Livingstone alifika ziwani na kumkuta mfanyabiashara Muhammad bin Salih akiishi kwa Kazembe baada ya kuzuiliwa huko kwa miaka mingi. Tukiuweka kando ukatili wa biashara ile, utaratibu wake wa mwendo unafundisha. Wapagazi waliondoka alfajiri, wakapiga kambi penye maji kabla jua halijawa kali, wakanunua chakula vijijini na kulipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa wenye nchi. Urefu wa safari ya siku uliamuliwa na kambi iliyokuwa mbele. Na mgeni asiyepatana na mwenye nchi, kama Muhammad bin Salih alivyojionea, hakwenda popote.

Waingereza, ambao likizo za karavani zimeenea sana kwao, walijifunza somo hilohilo kwa njia yao. Mwaka 1885 daktari na mwandishi Gordon Stables aliagiza gari la kukokotwa na farasi, akaliita Wanderer, akazunguka nalo nchi kwa starehe. Lilikuwa gari zuri, lakini lilikuwa la mtu mmoja mwenye uwezo. Mwaka 1907 ikaanzishwa Caravan Club, na baadaye sheria ya mwaka 1960 ikataka viwanja vya karavani viwe na leseni. Sheria hiyo iliacha mlango mdogo wenye faida kubwa: vyama vinavyotambuliwa vinaweza kumthibitisha mkulima apokee karavani zisizozidi tano shambani kwake. Mkulima hahitaji kujenga hoteli. Anatoa bomba la maji, mahali pa kumwaga uchafu na nyasi zilizofyekwa. Mtandao wa vituo vidogo kama hivyo ndio uliomwezesha mwalimu au fundi wa kawaida kusafiri bila wasiwasi wa pa kulala.

Kutokana na ushahidi huo, ushauri wangu kwa anayeanza ni kupanda ngazi taratibu. Safari ya kwanza iwe ya hema, chandarua, jiko la gesi na madumu ya maji, katika gari ulilonalo. Ya pili, ukiona familia imeipenda, azima au kodi trela ndogo ya mizigo yenye magurudumu imara na tumbo lililo juu. Karavani kamili ije mwisho, na hata hapo ikodiwe kabla ya kununuliwa. Karavani nyingi zilizotumika Uingereza zilitengenezwa kwa ajili ya lami. Chasisi yake ni nyepesi, kabati zake zimeshikwa kwa skrubu ndogo, na kilomita mia za changarawe zenye vijituta vya mfululizo zinatosha kuzifungua zote. Kuna pia jambo ambalo wanunuzi husahau: mlango wa karavani ya Uingereza uko kushoto, upande wa ukingo wa barabara katika nchi zinazoendesha kushoto kama Zambia na Tanzania. Ukivuka kwenda Kongo, wanakoendesha kulia, mlango huohuo unafungukia magari yanayopita.

Uzito nao una kanuni yake. Wazoefu humshauri anayeanza kwamba karavani iliyokwisha kupakiwa isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari linaloivuta. Gari la kilo 1,500 basi lisivute zaidi ya kilo 1,275. Uzito unaoegemea ndoano ya gari uwe kati ya asilimia 5 na 7 ya uzito wa trela, na vitu vizito viwekwe chini, juu ya ekseli, si nyuma. Trela ikianza kuyumba, dereva asikanyage breki kwa hofu wala asiongeze mwendo. Aachie mafuta polepole na kushika usukani bila kupigana nao. Kurudi nyuma kujifunzwe uwanjani siku tulivu, kwa kuwa trela hugeukia upande usiotarajiwa, na barabara nyembamba inayoelekea ufukoni si darasa. Bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania pia inashiriki, ipatikane kabla ya kufika mpakani. Na majira ni Mei hadi Oktoba. Mvua za Novemba hadi Aprili hulainisha njia za udongo, na kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa ili samaki wazaliane, kwa hiyo anayekuja kula samaki wabichi wa Mweru miezi hiyo amekosea kalenda.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya Wazungu na matajiri. Ni kweli kwamba wageni wengi wanaoonekana wakivuta trela katika barabara za Zambia wanatoka Afrika Kusini, na magari yao hayafanani na mishahara yetu. Lakini kulala nje ya nyumba kwa mpango si kitu kigeni kwetu. Wavuvi wa Mweru huishi kambini majira yote ya uvuvi, madereva wa malori hulala ndani ya kichwa cha gari kutoka Dar es Salaam hadi Kolwezi, na misiba yetu hulaza mamia ya watu chini ya maturubai. Tunachokosa ni desturi ya kufanya hivyo kwa mapumziko, pamoja na watoto. Desturi hiyo haitaanza kwa trela ya mamilioni. Itaanza pale familia itakapoweza kulipa ada ndogo na kupata choo safi na mlinzi. Ndiyo maana nasema kituo ni jambo la haki pia: karavani humfaa mwenye nayo, lakini kituo kinamfaa hata anayekuja na hema la kuazima.

Pingamizi la afya na usalama ni zito zaidi, na halifai kupuuzwa. Nchelenge ni miongoni mwa wilaya za Zambia zenye malaria nyingi, na maambukizi yapo mwaka mzima. Ziwa lina mamba, na kwenye maji yaliyotuama kuna kichocho. Mapigano upande wa Kongo yamewahi kuwavusha maelfu ya watu, kama ilivyokuwa mwaka 2017. Hata hivyo, kila moja ya hatari hizi inadai kituo rasmi kuliko kambi ya kujitafutia. Mlinzi wa kituo anajua ni wapi mamba huonekana, anajua zahanati ya karibu, na atasikia habari za mpakani kabla ya mgeni. Anayeegesha gari popote alipopenda machweo hana ulinzi wowote wa aina hiyo. Kwa hiyo kwa anayeanza kanuni iwe moja: pasipokuwa na kituo, usilale kabla hujapiga hodi kwa mkuu wa kijiji, na ukikataliwa, ondoka bila ubishi.

Kuna pia wanaoamini kwamba wilaya kama Chienge ingefaidika zaidi na hoteli kubwa moja, na kwamba viwanja vya kambi vitawapokonya wavuvi ufuo wao. Sipingi hoteli. Lakini hoteli inahitaji umeme wa uhakika, mtaji mkubwa na wageni mwaka mzima, mambo ambayo ukanda huu haujawa nayo. Kituo cha nafasi tano kinahitaji kisima, vyoo viwili, bafu, kivuli cha miembe na mtu wa kukitunza. Fedha ya mgeni wa kambi haipiti mbali: inanunua samaki wa chisense na wa pale, muhogo, mkaa na ulinzi kwa watu wa palepale. Hofu ya ardhi ni ya haki zaidi, na jibu lake ni mipaka. Kituo kiwe mbali na mialo ya wavuvi, kibaki mikononi mwa jamii kwa makubaliano na chifu, na idadi ya nafasi iandikwe. Huko Oman, Manispaa ya Muscat imeweka vibali kwa karavani na kambi za msimu. Afadhali Luapula ipange kabla ya msongamano kuliko baada yake. Pia izingatie yaliyoikuta miji midogo ya Afrika Kusini iliyojenga viwanja vya karavani vya manispaa kisha ikaviacha bila matunzo: bafu lisilo na maji huwafukuza wageni hata kama mandhari ni ya kupendeza.

Halmashauri za Chienge, Nchelenge na Kawambwa zinaweza kuanza bila kusubiri mwekezaji. Zichague pamoja na machifu maeneo matatu au manne yaliyo umbali wa saa mbili au tatu kwa gari kutoka moja hadi jingine, zichimbe visima, zijenge vyoo, ziweke ada moja inayojulikana na kuitangaza kwa Kibemba, Kiingereza na Kiswahili. Nawe msomaji unayetamani maisha ya magurudumu, fedha ya karavani iache benki kwa sasa. Chagua kituo kimoja, kiulizie kwa simu kabla ya kuondoka, beba hema na chandarua, nenda Julai, lipa ada yako na uache mahali safi. Ukirudi salama na bado unatamani kwenda tena, hapo ndipo uanze kuulizia bei ya trela.