ASKARI WATOKAO BAHARINI

Mwishoni mwa Julai 2024, majeshi ya Tanzania, China na Msumbiji yalianza zoezi la pamoja katika kituo cha mafunzo ya kijeshi kilichopo Mapinga, wilayani Bagamoyo. Manowari za wageni zilipotia nanga Dar es Salaam, wananchi wengi walistaajabu, kana kwamba askari wa kutoka baharini ni jambo geni kwetu. Si geni hata kidogo. Pwani hii inawafahamu vizuri, na kwa muda mrefu iliwafahamu kwa uchungu.

Mwezi Septemba 1888 manowari ya Kijerumani iitwayo Leipzig ilishusha wanamaji wake Bagamoyo kuilinda Kampuni ya Kijerumani dhidi ya wananchi waliosimama na Abushiri bin Salim. Zaidi ya watu mia moja waliuawa. Wajerumani waliyaita mapambano hayo uasi wa Waarabu, kama kwamba Wazaramo, Washomvi na wengineo hawakuwa na nchi ya kutetea. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Agosti 1916 ikawa zamu ya Waingereza: nao walishusha watu kutoka manowarini wakauteka mji ule ule. Wenyeji hawakushauriwa mara ya kwanza, wala mara ya pili.

Mara ya tatu ndiyo inayotuuma zaidi, kwa sababu tulikuwa tumekwisha kuwa huru. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito. Siku tano baadaye makomandoo wa majini wa Kiingereza waliruka kwa helikopta kutoka manowari Centaur, wakatua kambini na kuwanyang'anya waasi silaha. Waliitwa na Serikali yetu wenyewe, na Baba wa Taifa hakuficha kwamba ilikuwa fedheha kwa taifa. Akawaendea ndugu wa Afrika. Askari wa Nigeria wakaja kushika zamu, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi. Colito leo ni Lugalo, jina la mahali ambapo Wahehe waliwashinda Wajerumani mwaka 1891. Kambi hiyo ipo katika barabara ile ile iendayo Mapinga.

Somo la pili lilifuata upesi. Mwaka 1965 Ujerumani ya Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi kwa kuwa tuliiruhusu Ujerumani ya Mashariki kuwa na konseli Dar es Salaam. Mwalimu akawaambia wachukue na misaada mingine yote. Nchi ilibaki na upungufu, lakini haikubaki na kamba shingoni.

Kamandi yetu ya Wanamaji iliundwa mwaka 1971 kwa msaada wa China, makao yake yakawa Kigamboni. Machi 2008 askari wetu, pamoja na Wasudani na Wakomoro, walivuka kutoka Mwali wakatua Nzwani na kumwondoa Kanali Mohamed Bacar aliyekataa kuachia madaraka. Safari hii askari waliotoka baharini walikuwa wetu, na walikuwa wametumwa na Umoja wa Afrika. Mwaka 2014 wanamaji wetu walifanya mafunzo na wenzao wa China, na mwaka 2018 kituo cha Mapinga, kilichojengwa kwa msaada wa nchi hiyo hiyo, kikafunguliwa.

Tunaushukuru urafiki huo, nao ni wa miaka mingi. Hata hivyo, rafiki wa leo hapaswi kusamehewa maswali tuliyomwuliza yule wa 1965. Kila zoezi lipimwe kwa idadi ya wakufunzi wa Kitanzania linaowaacha nyuma, si kwa ukubwa wa meli zilizokuja. Vitabu vya mafunzo vya Mapinga viandikwe kwa Kiswahili, lugha inayofahamika hata Nzwani. Na wanapotafutwa vijana wa kushuka ufukoni usiku, maji yakiwa yamekupwa, waulizwe kwanza wavuvi wa Mlingotini, Kaole na Saadani, ambao miamba ya maji haya wanaijua bila ramani.